Kusafisha Picha Nyumbani: Mashine Kuukuu na Joto la Pwani

Katika nyumba nyingi za Kwale, Diani na Msambweni zimo bahasha za negativi za zamani: harusi za wazazi wetu, wazee waliokwisha kutangulia, na watoto ambao leo ni watu wazima. Adui wa bahasha hizo ni unyevu wa bahari. Ukungu huota juu ya negativi ukala sura iliyomo, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha. Basi mtu aliyebahatika kupata mashine kuukuu ya kukuzia picha yampasa aitengeneze mapema.

Kwanza, tazama umeme. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine ya Kimarekani ya volti 120 ikitiwa humo bila transfoma, taa yake huungua mara moja.

Pili, toa lenzi uimulike kwa tochi. Ukiona ndani nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu. Tafuta lenzi nyingine. Lenzi safi iwekwe katika kopo lenye kifuniko, pamoja na mchele uliokaangwa mkavu katika kifuko cha kitambaa, maana mchele huo hunywa unyevu.

Tatu, weka pima maji juu ya ubao wa chini, kisha penye kishikio cha negativi, kisha penye lenzi. Visipokuwa sambamba, upande mmoja wa picha utaonekana vizuri na wa pili utafifia.

Nne, funga chumba ukae gizani dakika tano. Palipo na mwanga, paziba. Taa nyekundu nayo ijaribiwe: weka sarafu juu ya kipande cha karatasi ya picha chini yake kwa dakika tano, kisha ukisafishe. Alama ya sarafu ikitokea, taa hiyo si salama.

Sasa joto. Dawa ya kusafishia aghalabu hupimwa kwa digrii 20, na maji ya pwani yana joto kupita hapo. Dawa ikipata moto, picha huwa nyeusi kabla hujawahi kuiondoa. Fanya kazi usiku, na sinia ya dawa iwe ndani ya beseni la maji ya barafu. Barafu isitiwe katika dawa yenyewe, kwani itaizimua.

Usipoteze karatasi nzima kwa kubahatisha. Chukua kipande chembamba, ukifunike kidogo kidogo kwa kadibodi kila baada ya sekunde tano. Kitakuonyesha muda ufaao.

Jambo la mwisho lahusu jirani. Dawa ya kukazia picha ikiisha kutumika huwa na fedha iliyotoka katika karatasi. Ardhi ya Diani ni mawe ya matumbawe yapitishayo maji upesi, na visima vi karibu. Usiimwage, itie katika dumu lenye kifuniko, uwapelekee wanaojua kuitoa fedha hiyo.

Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, na hata leo watu hutazama sura za mji alizozipiga. Picha iliyotunzwa humwishi mpigaji wake. Zako je, zimo bahashani bado?