Mbwa Mdogo wa Nyumbani Naye Anataka Matunzo

Hapa Kichiwa, kama kote kati ya Makambako na Njombe, mbwa mdogo ni mwenzetu. Tunamwona amejikunja karibu na mafiga, au anawafuata watoto wanapokwenda kuteka maji. Watu humwita mbwa koko, ati hana ukoo wala thamani.

Sisi hatukubali. Huko Kongo kuna mbwa wadogo wa vijijini, wenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja. Urefu wao begani ni kama sentimeta 40, na uzito wao kama kilo 10. Hawabweki sana, bali hutoa sauti ya ajabu, kama mtu anayejaribu kuimba. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua wakawapeleka kwao. Leo wanajulikana kwa jina la basenji, na watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi. Nao asili yao ni mbwa wa kijijini tu.

Sasa, huyu wetu ana tabia gani? Masikio yake ni mepesi. Mgeni hajafika mlangoni, yeye keshajua. Huwapenda watu wake, hasa yule anayempa chakula. Lakini akifungwa kamba kutwa nzima, peke yake, anakuwa mkali. Huo si ukali wa ulinzi, ni ukali wa shida. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8 hivi. Katika siku hizo ashikwe kwa upole na wakubwa na wadogo, apate kuwazoea watu.

Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na baridi ya huku kwetu mwezi wa Juni na Julai kila mtu anaijua. Mtengenezee kibanda kilichoinuka kidogo kutoka chini, mlango usielekee upepo. Tandika nyasi kavu, na uzibadilishe mara kwa mara, maana viroboto hupenda kujificha humo.

Ugali mtupu haumtoshi. Uchanganye na dagaa au mabaki ya nyama iliyopikwa. Mkubwa ale mara 2 kwa siku. Mtoto ale mara 3 au 4, kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Maji safi yawepo siku zote. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Ikivunjika inakuwa na ncha kali, inamchoma utumbo. Vitunguu humdhuru, na kokwa la parachichi laweza kumkaba. Halafu wako watu wanaomnywesha ulanzi ili wacheke akipepesuka! Mchezo huo ni mbaya. Kwa mwili wa kilo 10, pombe ni sumu.

Siku ya kuchinja, usimtupie maini wala mapafu mabichi. Humo mnaweza kuwa na minyoo. Ikiingia tumboni mwake, mayai yake hutoka katika kinyesi, na watoto wanaocheza uani huyapata mikononi. Dawa ya minyoo muulize bwana mifugo au bibi mifugo.

Lakini kuna jambo zito kuliko hayo yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Baadhi yetu tunampeleka kwenye chanjo mbwa mkubwa wa ulinzi, huyu mdogo tunamwacha. Tunasema, “Huyu hatoki, tena hang'ati mtu.” Basi mbwa mgonjwa anapita usiku, anamng'ata uani, nasi hatujui. Kesho yake watoto wanacheza naye kama kawaida. Ugonjwa huu unakaa katika mate. Akimng'ata mtoto, au akimlamba penye kidonda, anaweza kumwambukiza. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo lakini ipo. Mwaka 1885 Mfaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameng'atwa, naye akapona.

Mbwa akibadilika ghafla umwogope: mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole mno, mate yanamtiririka, taya linalegea, sauti inabadilika. Usimshike. Waambie majirani na bwana mifugo.

Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala majani. Siku hiyo hiyo aende kwenye kituo cha afya akaeleze, hata kama mkwaruzo ni mdogo. Asingoje dalili, kwa kuwa mara nyingi hukaa mwezi mmoja hadi mitatu, na pengine zaidi ya mwaka. Akianza sindano, azimalize zote. Na watoto tusiwagombeze kwa kuchezea mbwa, maana wakiogopa fimbo watatuficha kidonda.

Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Katika kampeni ya chanjo hata watoto wa mbwa huchanjwa, basi wapelekwe pia. Mbwa ashikwe na mtu mzima anayemzoea, amfunge kamba tangu nyumbani. Kadi atakayopewa iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Tarehe iliyoandikwa humo tunaweza kuisoma wenyewe; mwaka ukitimia, arudishwe kuchanjwa tena.