Fahamu: Usiku ambao wahandisi wa Challenger hawakusikilizwa

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyounda roketi saidizi za chombo cha anga cha Challenger, waliishauri NASA kwa simu isirushe chombo hicho kesho yake. Walihofia pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi: mpira ukipoa hukakamaa, na gesi ya moto hupata upenyo.

Kiasi gani cha baridi kingekuwa hatari? Hapo hawakuwa na jibu kamili. Mjadala ulijikita kwenye safari ambazo pete ziliathirika, na hizo zilitokea kwenye joto na kwenye baridi pia. Safari zilizokwenda salama ziliachwa nje ya hesabu, kumbe ndizo zilizobeba ushahidi. Katika safari 20 za joto la takriban nyuzi 19 za Selsiasi au zaidi, 3 tu zilikuwa na hitilafu. Zile 4 za baridi zaidi? Zote.

Mameneja wa kampuni wakageuza ushauri. Asubuhi, kukiwa na nyuzi kama 2 tu, Challenger ilirushwa na kusambaratika baada ya sekunde 73. Wanaanga wote 7 walifariki.

Mwanafizikia Richard Feynman, mjumbe wa tume ya uchunguzi, alitumbukiza kipande cha mpira huo, kikiwa kimebanwa, katika maji ya barafu mbele ya kamera. Kilipoachiwa kilichelewa kurudi katika umbo lake. Aligundua pia kwamba wahandisi walikadiria uwezekano wa ajali kuwa 1 kwa 100, huku wakubwa wakitaja 1 kwa 100,000, yaani kurusha chombo kila siku kwa karibu miaka 300 na kupoteza kimoja tu!

Safari zilirejea Septemba 1988, maungio yakiwa yameongezwa pete ya tatu na vipasha joto.