Matembezi ya Historia kwa Miguu: Rusumo, Biharamulo, Bukoba au Bagamoyo?

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Usui, nchi ya Wasubi, katika ardhi ambayo leo ni ya Biharamulo na Ngara. Alikuwa ameondoka Bagamoyo mwaka uliotangulia, na njia yote hiyo alikuja kwa miguu. Mtawala wa Usui, Suwarora, hakumwacha apite bure. Alidai hongo, yaani ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba, na msafara ukasubiri mpaka deni liishe.

Leo basi linakata njia kati ya Ngara na Pwani kwa siku moja na usiku wake. Hongo imekwisha, imebaki nauli. Na bado wazazi na walimu wa wilaya zetu, wanapotaka kuwatembeza watoto penye historia, hutaja Bagamoyo kwanza, wakaanza kuchangisha fedha, na mara nyingi safari ikafia kwenye michango. Kabla hujaanza kuchanga, linganisha. Nimechukua matembezi manne ambayo mtu wa kawaida anayamudu kwa miguu yake, bila kupanda mlima wala kubeba hema, nikayapigia hesabu kwa mtu anayeanzia Ngara mjini.

Kipimo cha nauli

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipotangaza nauli mpya Desemba 2023, basi la kawaida la mikoani liliwekewa kikomo cha shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria mmoja, na basi la daraja la kati shilingi 67.84. Zidisha umbali wako kwa namba hizo, utajua kama unachotajiwa stendi ni nauli au ni kuviziwa. Kiwango kikibadilika, badilisha namba. Njia ya kukokotoa ni ileile. Angalizo: michomoko, yaani magari madogo ya abiria, haifuati kipimo hiki, hivyo elewana na dereva kabla mzigo haujapanda.

Umbali nilioutumia ni wa makadirio, na nauli ni ya mtu mzima, kwenda na kurudi, daraja la kawaida:

– Rusumo, kilomita 50 kwa makadirio ya juu: shilingi 4,850. Hulali njiani.
– Biharamulo mjini, kilomita 140: shilingi 13,600. Unaweza kurudi siku hiyohiyo ukiondoka alfajiri, lakini kulala usiku mmoja ni bora.
– Bukoba, kilomita 320: shilingi 31,000. Usiku mmoja au miwili.
– Bagamoyo, kilomita 1,350: shilingi 130,900, daraja la kati ni 183,200. Usiku miwili Bagamoyo, na safari ndefu kwenda na kurudi.

Tazama maana yake. Nauli ya mtu mmoja kwenda Bagamoyo na kurudi inawapeleka watu wanne Bukoba na kuwarudisha. Ingeweza kukupeleka Rusumo mara 27. Kwa malazi, chukua bei ya gesti unayoijua, izidishe kwa usiku nilioutaja. Hapo ndipo pengo linapozidi kupanuka.

Rusumo: karibu, na nzito

Mto Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda hukutana jirani na hapa na kuwa Kagera, mto unaolisha Ziwa Victoria na kupitia humo Mto Nile. Maporomoko yako mpakani, na daraja linavuka juu yake. Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka hapa kuingia Rwanda. Miaka 100 baadaye, Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kuja upande wetu ndani ya saa 24, wakikimbia vita nchini Rwanda. Kambi ya Benaco, kando ya barabara hiyohiyo, ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Wazee wa Ngara wanayakumbuka haya bila kusoma popote. Leo mto huohuo unazalisha umeme, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kwa miguu, umbali ni mfupi na hauchoshi. Hatari iko barabarani: malori ya mizigo ya kwenda Rwanda hayana nafasi ya kumkwepa mtoto. Tembeeni mstari mmoja, mkiyatazama magari yanayokuja. Beba kitambulisho, na usipige picha ya daraja, kituo cha forodha wala mitambo ya umeme kabla hujaomba ruhusa.

Ubora wake: bei ya chini kabisa, na historia ambayo mashahidi wake bado wako hai. Upungufu: hakuna fukwe, na si mahali pa mzaha. Wachukue watoto waliokwisha kuwa na umri wa kuuliza maswali.

Biharamulo: boma na kichaka

Boma la Biharamulo lilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na katikati ya 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku, majeshi ya Wabelgiji yakauchukua mji. Kuta zake zimedumu. Lilikarabatiwa na kuwahi kutumika kama nyumba ya kulala wageni. Kulizunguka boma, kushuka sokoni na kurudi ni matembezi ya saa mbili kwa mwendo wa bibi na mjukuu wake. Ukifika, mtafute mlinzi au msimamizi kwanza, mwombe kuingia, ndipo uanze kuzunguka.

Ukitaka kuongeza, kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Hapo hesabu hubadilika. Kuna kiingilio kinacholipwa serikalini kwa namba ya malipo, kuna gari, na kwa miguu huendi bila askari wa hifadhi mwenye silaha. Familia ikiingia peke yake, gari ndilo litakalomeza bajeti. Jikusanyeni watu wa kujaza gari moja. Vaeni nguo za rangi ya udongo: mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi.

Ubora: historia na wanyama katika wilaya moja. Upungufu: hifadhi haiendi na mfuko wa mtu mmoja.

Bukoba: mwambao wa nyumbani

Anayetaka kutembea kando ya maji mapana asidhani ni lazima afike baharini. Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, aliweka kituo chao Bukoba mwaka 1890. Juni 1915, katika vita hiyohiyo iliyofika Biharamulo, Waingereza walivuka Ziwa Victoria wakaushambulia mji. Ukianzia ufukweni na kufuata ukingo kuelekea Bunena, njia ni tambarare mpaka kilima chenye kanisa la kale, na hapo mwinuko ni mfupi. Ukirudi mjini, ingia kanisa kuu, ambamo amezikwa Laurean Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika zama zetu, mwaka 1960. Masalia yake yalihamishiwa humo 2012.

Njia yote inatosha nusu siku, na chakula hakikusumbui: ndizi, samaki, na senene msimu wake ukifika.

Ubora: maji, makanisa, historia ya vita na chakula, vyote ndani ya mji mmoja. Upungufu: lazima ulale, na mvua za Kagera hazipigi hodi. Juni hadi Agosti ndio wakati wa kiangazi.

Bagamoyo na Kaole: kile ambacho ziwa halina

Nisikufiche: Bagamoyo ina kitu ambacho hakipo popote huku kwetu. Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, na msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mjini kuna misheni ya Roho Mtakatifu ya 1868, ambako mwili wa mmisionari na msafiri Livingstone ulifikishwa Februari 1874. Mpaka 1891 Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani. Kutoka mjini mpaka Kaole ni njia tambarare, inayomfaa hata mzee, mradi uanze asubuhi kabla jua halijakomaa. Ukitaka kupita ufukweni, uliza wavuvi kwanza: maji yakipwa unapita, yakijaa njia inafungwa na mikoko.

Ushauri wa nauli: usiingie Dar es Salaam kama huna shughuli huko. Shuka Chalinze, panda gari la Msata, kisha la Bagamoyo. Ukishuka kituo cha mabasi cha Magufuli, jijini humo, bado utakatiza jiji, ukilipia daladala au bodaboda na pengine usiku mwingine wa gesti.

Kiingilio cha Mtanzania kwenye mambo ya kale ni kidogo mno ukikiweka kando ya nauli. Dai risiti, na kama mtu anajitolea kukuongoza, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza.

Nani aende wapi

Mwenye watoto wadogo na shilingi 60,000 mkononi aende Biharamulo, alale usiku mmoja. Mwalimu wa sekondari anayefundisha historia aanzie Rusumo. Darasa zima litafika kwa fedha ambazo zisingetosha nauli ya wanafunzi wachache kwenda Pwani. Anayetaka likizo halisi, familia ipumzike kando ya maji, achague Bukoba. Na Bagamoyo? Iwekee akiba mwaka mzima, uende mara moja, ulale usiku miwili, utembee taratibu. Kwenda mbio na kurudi ni kulipia kiti cha basi.

Lakini nenda Bagamoyo ukiwa umekwisha kutembea nyumbani. Mtoto aliyesimuliwa hongo ya Suwarora akiwa Biharamulo, akasimama kwenye ukingo wa Kagera, atakapofika Bagamoyo atajua njia ile ya misafara ilikuwa ikielekea wapi: ilikuwa ikija kwao.