Tanga Likivunjwa, Mfiwa Abaki na Nani?

Kuna misiba ambayo hata sisi watu wa visiwani, tuliozoea kulia pamoja na kuzika pamoja, huizungumza kwa sauti ya chini. Mtu akifa maji, habari zake husimuliwa barazani bila ya kificho. Akifa kwa homa, jirani huulizana aliugua siku ngapi na alitibiwa wapi. Lakini mtu akijitoa uhai, mlango hufungwa, maneno hukatizwa mtoto apitapo, na wafiwa huachiwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, nao ni mzigo wa kunyamaza.

Leo tumeona vyema tuizungumze habari hiyo kwa sauti ya kawaida. Ili tusimguse yeyote katika jirani zetu, tumechagua kupita njia ya mbali, kwa watu ambao maisha yao hayafanani na yetu hata kidogo, yaani wapandaji wa milima ya theluji. Tunaamini msomaji akifika mwisho wa safari hiyo atajikuta amerudi nyumbani.

Siku ya Jumamosi, Oktoba 7, 2017, vijana wawili walikwea mlima Imp, katika safu ya milima ya Madison, jimbo la Montana nchini Marekani. Mwanamume aliitwa Hayden Kennedy, mwenye umri wa miaka 27. Mwanamke aliitwa Inge Perkins, mwenye umri wa miaka 23. Walikuwa wamevaa miguuni zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Theluji ya mwanzo wa msimu ilikuwa imerundikwa na upepo juu ya miteremko, nayo haikuwa imeshikana na ardhi. Ilikatika ikaporomoka. Hayden alifukiwa nusu, akajitoa. Inge alifukiwa mzima. Hayden alimtafuta asimpate, akalazimika kuteremka mlima peke yake. Siku ya pili yake, Jumapili, nyumbani kwao katika mji wa Bozeman, alijitoa uhai. Mwili wa Inge ulipatikana na waokoaji siku ya Jumatatu.

Msiba huo uliwatikisa wapandaji milima wa nchi nyingi. Watu hao wamezoea kufiwa. Kila mwaka milima huwachukua baadhi yao, nao hukutana, husimulia sifa za marehemu, kisha hurudi kwenye kamba zao. Lakini safari hii mwenzao hakufia jabalini. Alirudi hai, akavuka kizingiti cha nyumba yake, na mauti yakamkuta mahali ambapo kila mtu alidhani hatari imekwisha. Hapo ndipo walipojiuliza swali ambalo hawakuwa wamezoea kujiuliza: je, sisi tunaojua kumshika mwenzetu asianguke kutoka mlimani, tunajua kumshika akisharudi?

Inafaa msomaji ajue marehemu alikuwa mtu wa namna gani, asije akadhani ya kuwa alikuwa kijana mnyonge aliyeshindwa na maisha. Baba yake, Michael Kennedy, ni mpanda milima na mhariri mashuhuri wa majarida ya upandaji milima, na mtoto alikulia katika kazi hiyo tangu udogoni huko Colorado. Mwezi wa Januari 2012, yeye na mwenzake Jason Kruk wa Kanada waliupanda mlima Cerro Torre huko Patagonia, Argentina, wenye kimo cha mita 3,128, kwa kupita ukingo wa kusini-mashariki. Waliposhuka waling'oa zaidi ya misumari 100 ya chuma iliyopigiliwa jabalini na Cesare Maestri wa Italia mwaka 1970, kwa imani kwamba mlima hauna haja ya kufungwa chuma namna ile ili upandike. Jambo hilo lilizusha ugomvi mkubwa, wengine wakiwasifu na wengine wakiwalaumu.

Mwaka huo huo wa 2012, Hayden alikwenda Pakistani pamoja na Kyle Dempster na Josh Wharton kuupanda mlima uitwao Ogre, wenye kimo cha mita 7,285. Walipokaribia kilele, Wharton alishikwa na ugonjwa unaoletwa na wembamba wa hewa. Hayden na Dempster walifika kileleni, wakawa watu wa kundi la tatu tu kuukanyaga tangu dunia iumbwe. Kisha walirudi hemani kwa mwenzao, na tangu hapo safari yao ikawa na kazi moja tu, nayo ni kumteremsha mgonjwa akiwa hai. Kazi hiyo waliifanya. Mwaka 2013 wote watatu walipewa Piolet d'Or, tuzo ambayo ndiyo heshima kubwa katika upandaji milima.

Basi tuutazame mlima huo huo nyuma kidogo. Waliotangulia kuukanyaga walikuwa Waingereza wawili, Doug Scott na Chris Bonington, mwezi wa Julai 1977. Walipokuwa wakianza kushuka, Scott aliteleza akavunjika miguu yote miwili, na baadaye Bonington naye akavunjika mbavu. Wenzao wawili, Mo Anthoine na Clive Rowland, waliungana nao. Kwa siku kadhaa, ndani ya dhoruba na huku chakula kikiwaishia, Scott alitambaa kwa magoti juu ya barafu, wenzake wakitangulia kufungua njia na kufunga kamba, mpaka wakafika chini wote wanne.

Tumevitaja visa hivi viwili kwa sababu. Hakuna aliyemwambia Scott ajikaze, atembee, kwani wanaume hawalii. Hakuna aliyemwambia Wharton kwamba maradhi yake ni ya aibu na yafichwe. Mguu uliovunjika unaonekana, nao hupata kamba na mabega ya watu. Moyo uliovunjika hauonekani, kwa hiyo mwenyewe huachwa ashuke peke yake, pengine katika mteremko ulio mkali kuliko wa mlima wowote.

Wala Hayden hakuanza kufiwa siku ile ya Oktoba. Mwaka 2015 rafiki yake Justin Griffin alifariki mlimani huko Nepal. Mwezi wa Agosti 2016, Kyle Dempster, yule yule waliyesimama pamoja juu ya Ogre, alipanda mlima wa jirani pamoja na Scott Adamson. Walitafutwa mpaka mwanzoni mwa Septemba, wala hawakuonekana tena. Muda mfupi kabla ya kifo chake mwenyewe, Hayden aliandika makala akieleza kwa huzuni jinsi alivyowaona marafiki wengi mno wakienda milimani wasirudi. Yeye na Inge walikuwa wamehamia Bozeman, Inge akimalizia masomo ya hisabati na ualimu katika chuo kikuu, naye akijifunza kazi ya kuwahudumia majeruhi wa dharura. Kwa maneno mengine, alikuwa akijiandaa kuwaokoa wengine.

Si haki kudai kwamba tunajua sababu ya kifo chake. Wataalamu wa afya hutuonya kila mara kwamba mtu hajitoi uhai kwa jambo moja tu, bali mambo mengi husongamana, na mengine huwa hayajulikani hata na walio karibu naye. Lakini lipo neno moja ambalo hatuna budi kulikataa. Wapo walioisikia habari hii wakaiona kuwa ni kisa cha mapenzi, kana kwamba kijana alitimiza ahadi. Sisi Waswahili tuna msemo wa rafiki wa kufa na kuzikana. Hebu tuutazame vizuri msemo huo. Haukusema kufa pamoja, umesema kuzikana. Anayezika lazima abaki hai. Lazima awepo wa kuosha, wa kukafini, wa kubeba jeneza, na wa kulitaja jina la marehemu mbele ya watoto watakaozaliwa baadaye. Kubaki nyuma ni sehemu ya mapenzi, tena ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Kwa kuwa ni nzito, haifai ibebwe na mtu mmoja.

Wazazi wa Hayden walifanya jambo ambalo sisi tunaliona kuwa la ushujaa. Hawakuficha. Walitoa taarifa kwa watu wote wakaeleza kwamba mtoto wao alinusurika na maporomoko ya theluji lakini hakunusurika na uchungu wa kumpoteza mwenzi wake. Kwa ukweli huo mlango ulifunguka, na wengine waliokuwa wakiugulia kimya wakapata pa kuanzia kusema. Mwaka uliofuata, 2018, Klabu ya Milima ya Marekani, chama kilichoasisiwa mwaka 1902, ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wapandaji wanaofiwa, kwa juhudi za mpanda majabali Madaleine Sorkin. Mfuko huo husaidia kulipia gharama za washauri na waganga wa nafsi. Chama cha watu waliokuwa wakinunua kamba na mashoka ya barafu kimetambua kwamba majonzi nayo ni hatari ya mlimani, na yanahitaji vifaa vyake.

Sasa turudi kwetu. Visiwa vyetu havina theluji, lakini tunayo bahari, na bahari ina desturi yake. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikiwa njiani kwenda Pemba. Julai 18, 2012, meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Mamia ya ndugu zetu walipotea. Wapo pia waliookolewa. Wapo waliotoka majini mkono ukiwa mtupu, mkono uliokuwa umemshika mtoto. Tuliwapokea kwa vilio, tukawapa mablanketi na chai ya moto, tukashukuru kwamba wako hai. Ni nani kati yetu aliyekwenda kuwabishia hodi mwaka mmoja baadaye, akawauliza wanalalaje usiku?

Wazee wetu walikuwa na hekima kubwa walipoweka matanga. Kwa siku tatu mfiwa haachwi. Jirani hupika, wanaume hukaa nje, wanawake hulala ndani pamoja naye, na hapati nafasi ya kukaa peke yake na mawazo yake. Hiyo ndiyo kamba yetu sisi, nayo ni imara. Lakini tanga huvunjwa. Majamvi hukunjwa, sufuria hurudishwa kwa wenyewe, na kila mtu hushika njia yake. Siku ya nne ndipo mfiwa anapouona upande wa kitanda ulio mtupu. Na iwapo marehemu alijitoa uhai, mara nyingi hata hayo matanga hufanywa kwa haraka na kwa haya, kana kwamba wafiwa wamekosa jambo. Hukumu ya marehemu iko kwa Mola wake, wala haikuwekwa mikononi mwetu. Yaliyowekwa mikononi mwetu ni hawa waliobaki.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu zaidi ya 700,000 hujitoa uhai kila mwaka duniani, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato kama chetu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba jambo hili ni la Wazungu na theluji yao.

Kwa viongozi na watumishi wa Serikali tuna maneno mawili. La kwanza ni kwamba uokoaji usihesabiwe umekamilika siku manusura anapofikishwa nchi kavu. Orodha ya manusura wa ajali yoyote kubwa, ya meli au ya barabara, ifike katika vituo vya afya vya shehia zao, na wahudumu wawatembelee mara kwa mara kwa muda wa kutosha, kama wanavyofuatiliwa mama wajawazito na watoto wachanga. La pili linahusu sheria. Nchi zetu zilirithi kutoka kwa Waingereza mtazamo kwamba aliyejaribu kujitoa uhai ni mhalifu. Uingereza yenyewe ililiondoa kosa hilo mwaka 1961. Ghana imeliondoa mwaka 2023, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Mtu anayeogopa kukamatwa hatakwenda hospitali kusema ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi sheria isiwe ndiyo inayomfundisha mgonjwa kuficha.

Kwa wananchi wenzetu tuna neno moja. Unapomwona ndugu aliyefiwa amejitenga, hali, halali, anagawa vitu vyake, au anasema kwamba hana faida tena duniani, usimwambie ajikaze. Kaa naye. Muulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi ndilo la kwanza kumpa pumzi. Ukisikia jibu la kukutia hofu, usimwache peke yake hata kidogo, na umfikishe kwa mganga wa hospitali kama ambavyo ungemfikisha mwenye mguu uliovunjika.

Na wewe unayesoma haya hali umebeba msiba ambao hujamwambia mtu, mwambie mtu leo hii, awe ndugu, jirani, au mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usiku ulio mzito haukai na uzito ule ule. Hupungua, na wengi waliodhani hawatauvuka wako nasi leo barazani.

Wapandaji milima walijifunza kwa gharama kubwa kwamba mtu aliyerudi hai bado anahitaji kushikwa. Sisi tusingoje gharama kama hiyo. Matanga tunayo tayari. Lililobaki ni kurudi na kubisha hodi siku ya nne, siku ya arobaini, na mwaka wa pili.