Ziwa Victoria Linapopanda: Kwa Nini Maji Hayaondoki Upesi

Mwezi Oktoba 1961, Tanganyika ilipokuwa katika maandalizi ya Uhuru, mvua za vuli zilianza kunyesha katika Afrika ya Mashariki kwa wingi usiozoeleka. Desemba ikafika, bendera mpya ikapandishwa, na mvua zikawa bado zinanyesha. Ziwa Victoria likaanza kupanda. Likapanda mwaka 1962, likapanda tena 1963, na ilipofika Mei 1964 uso wake ulikuwa juu kwa karibu meta 2.5 kuliko ulivyokuwa kabla ya mvua hizo. Kwa mtu aliyezoea mafuriko ya mto, ambayo huja kwa kishindo na kuondoka baada ya siku chache, jambo la kustaajabisha si kwamba maji yalipanda bali ni kwamba hayakurudi. Ziwa lilibaki juu ya kiwango chake cha zamani kwa zaidi ya miaka 40.

Wakazi wa Mwanza na wa mwambao wote wa ziwa walikutana na jambo hilo tena mwezi Mei 2020, maji yalipokifikia kiwango cha 1964, na mara nyingine Mei 2024 yalipokipita. Mialo ya wavuvi ilifunikwa. Mchanga ambao akina mama huanikia dagaa ukawa chini ya maji, bustani za mboga zikaoza, na vyoo vya shimo vilivyokuwa karibu na ufuo vikajaa kutoka chini. Kila mtu aliuliza swali moja: maji yatarudi lini? Swali hilo si la udadisi tu. Mwenye nyumba iliyoingiliwa na maji hana budi kuamua kama atangoje, atengeneze, au ahame kabisa, na uamuzi huo humgharimu akiba ya miaka mingi. Hesabu rahisi yaweza kumsaidia.

Mafuriko ya namna mbili

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mjini Mwanza huchanganywa. Mji huu umejengwa juu ya matale, yaani miamba mikubwa ya umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na nyumba zimepanda vilima hadi kileleni. Mwamba haunywi maji. Mvua kubwa ikinyesha kwa saa moja juu ya vilima hivyo, karibu yote huteremka mara moja na kuingia katika makorongo na Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji kuelekea ziwani. Kwa hiyo Mabatini na maeneo mengine ya bondeni huweza kufurika asubuhi na kuwa makavu jioni. Haya ni mafuriko ya kutoka juu. Dawa yake ni mitaro iliyo wazi, miti kwenye miteremko, na kingo za mto zisizojengwa nyumba wala kutupwa takataka.

Mafuriko ya kutoka chini, yaani ya ziwa lenyewe, hayana kishindo. Maji hupanda milimeta chache kwa siku, na mtu huweza kulala na kuamka mara nyingi kabla hajagundua kwamba ngazi ya mwisho ya gati haionekani tena. Namna hizi mbili hukutana pale ziwa linapokuwa juu: mdomo wa Mirongo huwa umekwisha kujaa, maji ya mto hayapati mteremko wa kutosha, na mvua ambayo mwaka mwingine ingepita bila madhara hurudi nyuma na kuingia mitaani.

Sinia pana

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini sehemu yake yenye kina kirefu kabisa ni kama meta 80 tu. Msomaji afikirie ziwa hili limepunguzwa mpaka upana wake wa mashariki hadi magharibi uwe meta 1. Kina chake kirefu kabisa hakitafika nusu ya milimeta. Hilo si chungu, ni sinia, na tena sinia lililolowa tu.

Umbo hilo ndilo linaloeleza tabia ya ziwa. Katika kila sehemu 10 za maji yanayoingia, kama 8 hutoka moja kwa moja mawinguni, zikianguka juu ya ziwa lenyewe. Mito yote pamoja, ukiwemo Kagera ulio mkubwa kuliko yote, huleta sehemu iliyobaki. Ziwa pia hujitafutia mvua. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku upepo hugeuka. Hewa kutoka pande zote za ufuo hukutana juu ya ziwa, hupanda, hupoa na kuwa mawingu ya radi. Wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku wa giza, wanazijua dhoruba hizo za kabla ya alfajiri kwa gharama ya maisha ya wenzao. Ndiyo maana mvua katikati ya ziwa huzidi ile ya nchi kavu iliyo jirani.

Sasa tutazame upande wa kutoka. Ziwa lina mlango mmoja tu wa maji, nao ni Mto Nile pale Jinja, Uganda. Tuseme maji yanatoka pale kwa meta za ujazo 1,200 kila sekunde, kiasi ambacho kimekuwa cha kawaida katika miaka mingi baada ya 1961. Kwa siku moja hiyo ni zaidi ya meta za ujazo milioni 103, wingi unaotisha kwa macho. Lakini ukiugawanya juu ya eneo lote la ziwa, uso wa maji hushuka kwa milimeta 1.5 tu. Ili kushusha ziwa kwa meta 1 kwa njia hiyo, bila tone la mvua kuongezwa, zahitajika siku 660 na zaidi, yaani karibu miaka miwili.

Anayeondoa maji mengi zaidi ni jua. Mvuke huchukua kama meta 1.5 kwa mwaka, yaani milimeta 4 hivi kwa siku. Kwa bahati mbaya jua halichukui zaidi kwa sababu tu ziwa limejaa. Hunywa kiasi kile kile, na mvua ya kawaida hukirudisha karibu chote. Hivyo maji ya ziada yaliyoletwa na msimu mmoja mbaya hupungua kidogo kidogo, na msimu mwingine mzuri ukija kabla hayajaisha, huanza kupanda kutoka pale yalipofikia. Ndivyo ilivyokuwa baada ya 1961.

Bwawa na bahari

Wapo wanaolilaumu bwawa la Jinja, lililofunguliwa 1954 kwa jina la Owen Falls na ambalo leo huitwa Nalubaale. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Makubaliano ya zamani kati ya Misri na Uingereza, iliyotawala Uganda wakati huo, yalitaka bwawa liruhusu maji yapite kama ambavyo yangepita kwenye maporomoko ya asili, na ziwa linapopanda, kiasi kinachoruhusiwa huongezeka. Miaka ya mwanzo ya karne hii maji yalitolewa kupita kipimo hicho wakati wa ukame, na kushuka kwa ziwa hadi 2006 kulichangiwa na jambo hilo. Lakini kulizuia ziwa lisipande ni kazi nyingine. Hata milango ikifunguliwa maradufu, ziwa lingeshuka milimeta 3 kwa siku, na maji hayo yangekwenda kwa watu wengine: wa Ziwa Kyoga, wa Ziwa Albert, na wa mabwawa ya Sudan ya Kusini, ambao tangu 2019 wamekuwa na mafuriko yao wenyewe. Isitoshe, Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo na matope kilichong'olewa ufuoni kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya Jinja na kuitia Uganda gizani.

Chanzo cha miaka ya mvua nyingi mno tukitafute Bahari ya Hindi. Katika miaka fulani maji ya bahari hiyo upande wa Afrika hupata joto kupita kawaida, na yale ya karibu na Sumatra hupoa. Unyevu mwingi huvutwa kuja kwetu, na vuli huzidi. Wataalamu waliieleza hali hiyo kwa ukamilifu mwaka 1999 tu, lakini walipotazama nyuma waliikuta 1961 na 1997, nayo ikajitokeza kwa nguvu tena 2019. Siku hizi kila mvua kubwa huitwa Elinino, neno linalohusu joto la Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1997 hali zote mbili zilikuwapo pamoja. 1961 na 2019 hakukuwa na Elinino kubwa, na bado ziwa lilipanda. Tahadhari katika mambo haya ni muhimu. Mwaka 1923 mtaalamu Mwingereza, C. E. P. Brooks, alilinganisha vipimo vya ziwa, vilivyoanza kuchukuliwa 1896, na idadi ya madoa ya jua, akaona vinapanda na kushuka pamoja. Miaka michache baadaye ulinganifu huo ukavunjika.

Je, kuongezeka kwa joto la dunia kumeingia katika jambo hili? Uchunguzi uliotolewa 2024 ulikadiria kwamba kupanda kwa kasi kama kule kwa 2020, zaidi ya meta 1 katika miezi 6, kumekuwa rahisi kutokea mara 1.8 kuliko zamani, na kwamba kiasi cha sentimeta 7 za maji yale zaweza kuhesabiwa upande huo. Sentimeta 7 ni kidogo kuliko wengi walivyodhani. Hata hivyo, kwenye ufuo wa tambarare huwa ni meta kadhaa za kiwanja.

Meta 60 za wapi?

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwa mwananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufuo wa ziwa. Ni sheria nzuri, lakini ziwa halipandi kwa upana, hupanda kwa kimo. Mwanza kuna mahali ambapo meta 60 kutoka majini humweka mtu juu ya jabali ambalo ziwa halitalifikia kamwe. Kuna mahali pengine, kwenye fuo za mchanga na mabonde ya mpunga, ambapo ardhi hupanda meta 1 tu kwa kila meta 50. Huko meta 60 ni kimo cha meta 1.2. Tangu vipimo vilipoanza, tofauti kati ya kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa imekuwa karibu meta 3. Mtu aliyehesabu meta zake 60 kwa uaminifu mwaka 2006, akianzia pale maji yalipokuwa siku ile, alijenga ndani ya ziwa bila kujua.

Kupima kimo hakuhitaji mtambo. Mafundi waashi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyomo ili kusawazisha msingi, na mpira huo huo unatosha. Siku isiyo na mawimbi, mambo hupigwa ukingoni mwa maji na nyingine hatua chache juu. Mpira uliojaa maji hushikwa kwenye mambo zote mbili, na kwa kuwa maji ndani yake hukaa usawa mmoja, tofauti ya urefu kutoka ardhini kwenye kila mambo ndiyo kimo kilichopandwa. Kisha mtu husogea hatua nyingine, mpaka mlangoni pa nyumba, na kuvijumlisha vimo vyote. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyoko Mwanza, ndiyo ya kuulizwa ni kwa kiasi gani ziwa la leo liko chini ya lile la Mei 2024. Kimo cha mlango kikiwa kidogo kuliko tofauti hiyo, sakafu imo ndani ya eneo ambalo maji yamekwisha kufika. Kikizidi kwa nusu meta tu, bado ibaki nafasi ya mawimbi, na shimo la choo, ambalo mdomo wake huwa juu lakini kitako chake kiko meta 2 au 3 chini, lipimwe peke yake.