Kalamu Inakawia Wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai karatasi kwa kila jambo. Kifungu cha 10 kinataka hiari, watu wenye uwezo kisheria, malipo halali na lengo halali. Neno la mdomo likitimiza hayo, ni mkataba. Basi kwa nini chama cha wakulima wa alizeti hapa Kinampanda kiafikiane na mnunuzi mwezi Oktoba, halafu saini ije mbegu zimeshaota?

Tuifuate karatasi yenyewe. Anayefika kijijini kwa kawaida ni afisa manunuzi. Alizeti anaijua na magunia anayajua, ila hana mamlaka ya kusaini. Rasimu inarudi kwa mwanasheria wa kampuni, inapita kwa mhasibu, ndipo inamngoja mkurugenzi aliye safarini. Mwenyekiti wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, naye hana kauli ya mwisho. Ushirika ni mali ya wanachama: bodi huketi, mkutano mkuu huitishwa, na mkataba ukibeba mkopo wa mbegu na mbolea, ukomo wa madeni hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kuidhinishwa. Wawili wameshikana mikono mbele ya ghala, kumbe hakuna hata mmoja mwenye kalamu.

Kifungu kinacholala mezani kuliko vyote ni bei. Alizeti yetu hupandwa Desemba na Januari, huvunwa kuanzia Mei. Nani anajua gunia litauzwaje miezi sita mbele? Mwaka 2023 bei iliporomoka, na wengi mkoani Singida waliokuwa wamepanua mashamba wakaumia. Tangu hapo mnunuzi anaogopa kutaja bei ya juu atakayojutia, na mkulima anaogopa kujifunga kwa bei ya chini huku walanguzi wakipita na fedha taslimu. Kila upande unangoja mwenzake aanze. Mimi siuiti uzembe. Hatari ya msimu mzima inatafuta wa kuibeba, na nusu karne ya kuishi na mvua zetu haba imetufundisha kwamba mara nyingi humwangukia mkulima. Dawa ninayoiona ni kuandika kanuni: bei ya chini isiyoshuka, na nyongeza inayofuata soko la siku ya kupima. Kanuni hukubalika upesi kuliko tarakimu.

Kuna na lugha. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, lakini rasimu nyingi za kampuni bado huja kwa Kiingereza. Mwenyekiti wa chama huomba siku mbili amtafute wa kumsomea. Siku mbili huwa wiki tatu. Hata hivyo namsihi aombe. Kila aliyesoma historia shuleni anamkumbuka Mangungo wa Msovero, aliyetia alama yake Novemba 1884 kwenye hati ya Carl Peters iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Peters alikusanya hati za namna hiyo Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwa wiki chache tu. Kufikia Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alikwisha kuziwekea ulinzi wake. Haraka ile ilitugharimu nchi.

Serikali nayo hukawia, na kwa sababu zinazofanana. Makubaliano ya awali ya mradi wa kuchakata gesi asilia Lindi yalisainiwa Chamwino Juni 2022. Miaka miwili baadaye mkataba wenyewe ulikuwa bado. Mradi wa miongo kadhaa unastahili kusomwa mstari kwa mstari.

Kwa hiyo nauliza jambo moja kila ninapoonyeshwa rasimu iliyokwama: siku hizi zimekwenda wapi? Zikiwa zimetumika kusoma, kuuliza na kubishana bei, hazikupotea. Lakini karatasi ikiwa imelala kwenye trei ya ofisi kwa sababu barua ya kuwateua watia saini haikuambatanishwa, au muhtasari wa mkutano mkuu hauna mhuri, hapo msimu wa watu unaibwa. Nyaraka hizo ziandaliwe kabla mnunuzi hajafika, tangu Septemba, wakati mashamba yamepumzika na mkutano hupata akidi kwa urahisi.

Saini ikishawekwa, saa nyingine inaanza kuhesabu: ushuru wa stempu, unaotakiwa kulipwa ndani ya siku 30. Wiki ijayo nitaeleza kinachoupata mkataba usiolipiwa stempu unapofikishwa mahakamani.

(Itaendelea)