Mvua Haingoji Likizo

Ndugu askari aliyenunua fleti mjini Kampala hakununua vyumba vyake peke yake. Kwa Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2001, paa na ngazi ni mali ya wenye fleti wote, nao huchangia matunzo yake. Tuliozoea matengenezo ya kambini, yanayoamriwa na wakubwa, jambo hili hutushinda!

Mifereji ya paa yafaa kuzibuliwa Februari na Agosti, kabla ya mvua za Machi na Septemba. Majani yakiiziba, maji hurudi chini ya bati na kuozesha mbao. Rangi yaweza kungoja mshahara mwingine. Naye aliyepelekwa Karamoja amwachie jirani mwaminifu mchango na ufunguo, kwani bomba lake likipasuka, atakayelowa ni wa ghorofa ya chini.